Oryx ya mbao na bati: shajara ya mradi wetu wa Majengo, Goma

Juni 2025. Makubaliano

Leo tumekubaliana kwenye atelye. Tutajenga helikopta ya Oryx, ile ya uchukuzi ya jeshi la Afrika Kusini, kwa kipimo cha 1 kwa 10, kwa mbao, bati na vyuma chakavu, na ubavu wake mmoja tutauacha wazi ili mtazamaji aone mitambo ya ndani. Mwili utakaribia mita moja na nusu, na mapanga yakishatandazwa yatapita kidogo kipimo hicho. Meza yetu haitoshi, kwa hiyo seremala ametupatia magogo mawili ya kuilaza.

Palikuwa na ubishi kabla ya hapo. Vijana wengi walitaka Rooivalk, ile helikopta ya kushambulia ya Afrika Kusini. Wengine walikuwa wadogo sana mwaka 2013, lakini wakubwa wao wamewasimulia jinsi zilivyowafyatulia roketi waasi wa M23, zikiwa chini ya Umoja wa Mataifa, tarehe 4 Novemba kwenye vilima vya Chanzu, kule Rutshuru. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutumika vitani, na ilitokea hapa kwetu. Si ajabu mvulana wa miaka kumi na sita kutaka kuijenga.

Mimi nilishikilia Oryx, na sababu nilizozitoa naziandika hapa ili zisisahaulike. Rooivalk inabeba watu wawili na silaha, basi. Oryx ni helikopta ya kazi: inapakia askari 16 hadi 20, au majeruhi kwenye machela, au unga na maji, au mzigo unaoning'inia chini yake kwa ndoano. Anayetaka kuijua Rooivalk pia ataanzia kwa Oryx, kwa sababu injini zao ni za ukoo mmoja, Makila, na mitambo ya kuzungusha mapanga wanachangia. Hata kwa mafundi wa kambi ya Umoja wa Mataifa kwenye uwanja wa ndege hilo lilikuwa jambo kubwa. Unapokuwa mbali na kwenu, aina mbili za ndege zinazotumia vipuri vya ukoo mmoja zinakupunguzia nusu ya maumivu ya kichwa.

Binti anayesoma mekanika ndiye aliyemaliza ubishi. Alisema yeye anataka kujenga kitu chenye mlango mkubwa. Tukapiga kura.

Juni, wiki iliyofuata. Michoro na ukoo

Uwanja wa ndege umefungwa tangu mji ulipochukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari, kwa hiyo hakuna helikopta ya kwenda kuitazama. Tuna picha za simu, nyingi zikiwa za watu waliokuwa wakikaa karibu na uzio. Tumezipanga na kupima kwa rula. Mtu aliyesimama kando ya ndege anatosha kukupa kipimo cha dirisha, na dirisha linakupa kipimo cha vingine vyote.

Picha moja ilituchelewesha jioni nzima kwa sababu ndege iliyomo si Oryx. Ni Puma. Zinafanana mno, na ni haki zifanane, maana Oryx imezaliwa ndani ya Puma. Puma ilibuniwa Ufaransa na kuruka mara ya kwanza mwaka 1965. Jeshi la anga la Afrika Kusini lilianza kuinunua mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuitumia sana kwenye vita vya mpaka, Namibia na Angola. Kisha tarehe 4 Novemba 1977 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 418, likapiga marufuku kuiuzia serikali ile ya ubaguzi silaha zozote, vipuri navyo vikiwemo.

Hapo ndipo hadithi inaponishika. Helikopta hula vipuri. Kila sehemu yake ina saa zake za maisha: mapanga, beringi, shafti, vyote huhesabiwa na kutolewa hata kama kwa macho bado ni vizima. Nchi inayofungiwa mlango inabaki na njia mbili, kuzilaza ndege zake chini au kujifunza kutengeneza zile sehemu yenyewe. Kiwanda cha Atlas, Kempton Park, karibu na uwanja mkubwa wa Johannesburg, kilichukua njia ya pili. Wakatengeneza sehemu moja, kisha nyingine. Walichukua Alouette III, helikopta ndogo ya Kifaransa, wakaugeuza mwili wake kuwa ndege ya majaribio waliyoiita Alpha XH-1, ikaruka mwaka 1985. Wakachukua Puma wakazifanya maabara za kurukia. Mwaka 1987 ikaruka ile ambayo baadaye ilipewa jina la Oryx, na zikajengwa karibu 50.

Fundi wetu wa pikipiki alisikiliza mpaka mwisho, akasema: «Kumbe na bo balianzaka na garaje!» Ndiyo, na hilo ndilo nataka vijana hawa waondoke nalo. Hapa kwetu anayekarabati anaonekana mtu wa chini, na anayeuza kipya ndiye mkubwa. Mikono iliyojenga Oryx ilipata elimu yake kwa kufungua Puma zilizochoka, kupima kila kipande na kujiuliza kwa nini kilitengenezwa hivyo.

Nisizidishe lakini. Umbo ni la Kifaransa, na Makila ni injini ya asili ya Ufaransa. Mtu akisema «helikopta ya nyumbani» tusidhani kila skrubu ilibuniwa nyumbani. Cha nyumbani ni kule kuunganisha, kurekebisha na kujua ndani na nje kile unachokirusha. Kwangu hiyo si sifa ndogo.

Julai. Mwili

Mbavu tumezikata kwa mkaratusi, mabaki tuliyopewa na wachonga chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Ni mti mgumu na mzuri, ila ukiwa mbichi hupasuka unapokauka. Mbavu za mbele zimepasuka mbili, tumezirudia kwa mbao zilizokaa juani muda mrefu. Ngozi ni bati la mikebe ya mafuta ya kula, limenyooshwa kwa nyundo ya mbao na kupigwa ribiti. Benki zimefungwa tangu Januari na pesa ni ngumu, basi tunanunua ribiti kidogo kidogo.

Mkia umetufundisha kutofautisha ndugu wawili. Chini ya mkia wa Oryx kuna pezi dogo linaloelekea ardhini, jambo ambalo linaikaribisha zaidi kwa Super Puma, toleo la baadaye la Puma, kuliko Puma ya zamani. Kabla ya kulipiga ribiti kila kijana alilishika na kusema kazi yake: kuutuliza mkia ndege inapokwenda mbele.

Halafu pua za injini. Juu ya chumba cha marubani, mbele ya injini mbili, Oryx imevaa vichujio vikubwa vya hewa, kwa sababu iliundwa kwa nchi za mchanga na vumbi. Mtu wa Goma hahitaji maelezo marefu hapa. Vumbi letu jeusi ni la lava, na lava ni mawe yaliyosagika. Likiingia kwenye turbini inayozunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika linakula mapezi yake polepole hadi injini inapoteza nguvu. Na uwanja wetu wenyewe umekaa juu ya lava: mlipuko wa Nyiragongo wa Januari 2002 ulifunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia.

Vichujio tumevitengeneza kwa wavu wa chujio la chai. Vimependeza mno.

Julai, bado. Kwa nini injini kubwa

Nimetumia mchana mzima kueleza hewa, na ulistahili mchana mzima.

Goma iko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam, na jua la adhuhuri linazidi kuipunguza. Helikopta inaumia mara mbili. Mapanga yanapata hewa haba ya kusukuma chini, na injini nayo inavuta hewa haba ya kuchomea mafuta. Ndege iliyopakia watu kumi na sita pwani bila shida inaweza kulazimika kuwaacha baadhi yao chini ikiwa hapa. Vituo vilivyo kwenye milima ya Masisi viko juu zaidi ya mji, tena ni mteremko, mara nyingi bila nafasi ya kukimbiza magurudumu.

Puma ya zamani ilikuwa na injini mbili za Turmo, kila moja ikitoa chini ya kilowati 1,200. Makila ya Oryx inatoa kama 1,400, nazo ni mbili. Mwili unabaki ule ule wa Puma, haukurefushwa, kwa hiyo nguvu iliyoongezeka yote inakwenda kwenye kunyanyua: Oryx inaruhusiwa kuruka ikiwa na uzito wa hadi kilo 8,400. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi bora kuliko yote kwenye ndege hii. Walikuwa na uwezo wa kutafuta umbo jipya la kupendeza macho. Wakachagua mwili wanaoujua, wakaupa nguvu iliyokuwa inakosekana. Na injini zikiwa mbili, moja ikizimika nyingine inatosha kukufikisha mahali pa kutua, kama hukujaza mzigo kupita kiasi.

Mwisho wa Julai. Kichwa cha mapanga

Kazi ngumu kuliko zote. Tulitaka kichwa kinachofanya kazi kweli, maana panga lililogandishwa kwa gundi halimfundishi mtoto kitu.

Helikopta inapanda kwa kubadilisha mkato wa mapanga yote manne kwa pamoja, yaani pembe ambayo panga linaikata hewa. Inakwenda mbele, nyuma au kando kwa kubadilisha mkato wa kila panga linapopita upande fulani wa mzunguko. Rubani hawezi kulishika panga linalozunguka zaidi ya mara nne kwa sekunde. Kwa hiyo chini ya kichwa kuna sahani mbili zilizopandana: ya chini haizunguki, inaunganishwa na usukani, ya juu inazunguka pamoja na mapanga, na fimbo nyembamba zinatoka kwake kwenda kwenye shina la kila panga. Sahani zikipandishwa, mapanga yote yanaongeza mkato. Zikiinamishwa, kila panga linaongeza mkato likipita upande mmoja na kupunguza likipita upande wa pili, na ndege nzima inavutwa huko. Mama mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe alitazama na kuelewa mara moja: ni ungo, alisema, unauinamisha pale unapotaka pumba ziende.

Sahani zetu ni beringi kubwa ya pikipiki, pete ya nje ikiwa imekamatwa na ya ndani ikizunguka. Fimbo ni spoku za baiskeli zilizokatwa na kupinda ncha. Shafti ni ya feni mbovu. Jaribio la kwanza fimbo zilikuwa na urefu usiolingana, na panga moja likawa linapiga juu kuliko wenzake. Mtikiso wake ulilegeza ribiti za paa. Binti wa mekanika alizitoa zote, akazipanga mezani kando kwa kando na kuzipiga tupa hadi zikawa sawa chini ya ukucha. Kwenye ndege halisi kazi hii inafanywa kwa vipimo vya hali ya juu, lakini nia ni ile ile: mapanga yote yapite njia moja.

Sasa ukivuta kamba ndani ya chumba cha marubani mapanga yanageuka. Hakuna aliyetaka kwenda nyumbani siku hiyo.

Agosti. Mkia unageukia wapi?

Ubishi mwingine, huu ukiwa mtamu. Mapanga makubwa yazunguke upande gani? Mmoja alisema ni hiari yetu. Si hiari. Ukoo wa Puma, ukiutazama kutoka juu, unazungusha mapanga kwa mwelekeo wa saa, kinyume na helikopta nyingi za Kimarekani. Na kila kitu kwenye mkia kinafuata hapo.

Tuliithibitisha badala ya kuhubiri. Tuliining'iniza kwa kamba kutoka kwenye boriti bila pangaboi la mkia, tukawasha mota ya feni. Mapanga yakaenda na saa, mwili ukaanza kwenda kinyume cha saa, taratibu, hadi kamba ikajisokota. Watoto waliokuwa dirishani walipiga kelele za furaha. Basi pangaboi dogo la mapanga matano linakaa kulia mwa mkia na kuusukuma kushoto, kuzuia mzunguko huo. Upande wa kushoto linakaa bawa dogo la kuutuliza mkia. Vyote viwili tumeviweka.

Yaya mmoja, ndivyo tunavyomwita mtu aliyetuzidi umri, aliyewahi kufanya kibarua cha kupakua mizigo uwanjani aliwapa vijana neno ambalo mimi sikuwa nimelisema kwa uzito unaostahili: usikaribie helikopta kutoka nyuma, hata siku moja. Pangaboi la mkia likizunguka halionekani.

Agosti. Siku ya wazee

Tuliwaalika wazee wa mtaa kuona kazi. Mzee mmoja aliuliza swali lililonyamazisha vijana: kwa nini mnawafundisha watoto kuipenda mashine ya makaburu?

Nilimjibu kwa heshima, na naamini nilichosema. Vikwazo vya mwaka 1977 vilikuwa haki. Serikali ile iliwanyima utu wananchi wake na kupeleka vita kwa majirani, na Oryx iliagizwa kwa ajili ya vita hivyo. Hilo litaandikwa kwenye ubao wetu wa maelezo bila kupakwa sukari. Ila ndege haikuishia kwa walioiagiza. Ilianza kazi vita vya mpaka vikiwa vinakwisha. Tarehe 10 Mei 1994, Mandela alipoapishwa Pretoria, helikopta za jeshi lile lile zilipita juu zikipeperusha bendera mpya. Mwanzoni mwa mwaka 2000 mafuriko yalipoifunika Msumbiji ya kusini, helikopta za Afrika Kusini, Oryx zikiwa kazini kila siku, ziliokoa watu zaidi ya 14,000 kutoka kwenye mapaa na miti. Mwanamke mmoja alijifungua mtoto wa kike akiwa mtini, mwokoaji akashushwa kwake kwa kamba, mama na mtoto wakavutwa hai. Ndiyo sababu juu ya mlango wa mfano wetu kuna winchi ndogo, na binti wa mekanika amekataa iwe ya urembo tu: inapandisha na kushusha kweli.

Kisha ikaja kwetu. Ilipakwa rangi nyeupe, ikaandikwa UN kwa herufi nyeusi. Wakati wa brigedi ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2013, ile ya askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, ndiyo iliyokuwa ikipeleka watu na risasi mbele na kurudi na majeruhi.

Mzee alitikisa kichwa, akasema «muandike na hayo ya kwanza». Yataandikwa ya kwanza.

Septemba. Suala la tundu

Kijana mmoja alipendekeza tutoboe tundu la risasi ubavuni. Hakuwa anatania. Tarehe 5 Februari 2023 Oryx iliyotoka Beni ilipigwa risasi ikiwa angani. Mmoja wa waliokuwamo alikufa, mwingine akajeruhiwa vibaya, na wenzao wakaendelea kuirusha hadi ikatua Goma. Februari mwaka uliofuata nyingine ilipigwa huko Karuba, Masisi. Wawili wakajeruhiwa, nayo ikafika Goma. Na tarehe 29 Machi 2022 Puma ya kikosi cha Pakistani ilianguka Chanzu, wakafa walinda amani wanane.

Hapa ndipo matumizi ya kijeshi ya helikopta ya kazi yanapoonekana yalivyo. Haina kasi ya kukimbia hatari: inafika karibu kilomita 300 kwa saa, lakini ikiwa inatua au kuondoka inakwenda polepole, chini, na sauti yake imeitangulia. Inakwenda huko kwa sababu barabara haipitiki au ina waviziaji, na kuna mtu anasubiri upande wa pili. Waliomo ndani hawawezi kufanya lolote ila kumwamini aliyeshika usukani na fundi aliyeifunga skrubu asubuhi.

Tulizungumza muda mrefu. Wengine wana ndugu waliokufa mwaka huu; kwao tundu la risasi si pambo, na mimi nilikuwa upande wao. Tumeamua hivi: hakuna tundu. Ndani, nyuma ya ubavu ulio wazi, tunaweka machela yenye mgonjwa, na kando yake mhudumu amepiga magoti. Majina ya waliokufa hatutayaweka, ila tarehe tatu zitakuwepo ubaoni.

Septemba. Rangi, na kazi iliyobaki

Rangi nyeupe imepigwa mara mbili. Bati la mikebe lilikuwa na maandishi ya kiwanda cha mafuta, na yalijitokeza kwenye mkono wa kwanza; tulilisugua kwa msasa na kuanza upya upande wa kushoto. Herufi za UN amezichora kijana wa mabango wa Birere, bure, kwa sharti tumwachie akae ndani ya atelye na kuzungusha usukani kadiri apendavyo.

Kilichobaki: mlango wa kulia unakwama kwenye reli yake, na mlango wa kuteleza unaokwama haukubaliki kwenye ndege hii. Magurudumu ya mbele yanataka mpira mwembamba zaidi. Beringi ya sahani inahitaji grisi safi, siyo ile iliyotumika. Kamba ya ndoano ya chini ni nene mno kwa kipimo chetu. Fundi viatu ameahidi uzi wake wa nta. Shule iliyoomba kuitumia masomo yakianza imekubali sharti letu moja, kwamba isifungiwe kwenye kabati la kioo. Wanafunzi waishike na waifungue, na ikivunjika tutafundisha kuitengeneza hapo hapo darasani. Binti wa mekanika anaandaa sanduku la vipuri vya kwenda nalo: spoku kumi za akiba, ribiti, tupa, na fimbo moja iliyopimwa vizuri ya kulinganishia nyingine.